Kuchora vipuri vya parametriki kwa FreeCAD na OpenSCAD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila wiki, nimeyapanga kuanzia ya mtu anayeanza leo mpaka yale ya usiku wa manane. Mfano utakaotembea nasi mwanzo mpaka mwisho ni mmoja, klampu ya kubana bomba la maji ukutani, kwa sababu kila mtu kashaiona na ina kila kitu: mduara, unene, masikio ya bolti na nati ya kukaa ndani.

## Mambo ya mwanzo

1. Kipuri cha parametriki ndo nini hasa?

Ni mchoro ambao namba zake hazijagandishwa. Klampu ukiichora kawaida unapiga duara la ndani 21.7, la nje 29.7, unaweka masikio, umemaliza. Kesho jirani anakuja na bomba nene zaidi, unaanza upya. Ukiichora kiparametriki unaiambia kompyuta kwamba duara la ndani ni kipenyo cha bomba ukijumlisha mwanya, la nje ni la ndani ukijumlisha unene mara mbili, na masikio yanaanzia hapo kwa nje kulingana na bolti uliyochagua. Jirani akija unagusa namba moja, vingine vyote vinajisogeza. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuamua nani anamfuata nani, kuchora kwenyewe kunakuja baadaye.

Wazo sio geni. Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 pale MIT kwenye programu yake ya Sketchpad, ulikuwa unaweza kuuambia mstari ubaki sambamba na mwenzake hata ukiuvuta. Viwandani liliingia kwa nguvu na Pro/ENGINEER mwaka 1988.

2. Nianze na programu gani?

Kama unapenda kuchora kwa mausi na kuona kitu kinazaliwa, chukua FreeCAD. Kama hesabu na maandishi havikutishi, chukua OpenSCAD, ambayo hakuna kuchora kabisa, unaandika mistari na kipuri kinatokea pembeni. Zote mbili ni bure, zinafanya kazi bila intaneti, na unaruhusiwa kuingizia hela.

Maoni yangu: vipuri vyenye mashimo, nati, maboksi na vitu vya kujirudia OpenSCAD inavimaliza haraka. Vipuri vyenye mikunjo na kona laini za kupendeza, FreeCAD. Mimi natumia zote na sioni aibu.

3. Nimesoma AutoCAD chuoni, kwani naanza upya?

Hapana, jicho la mchoro unalo tayari. AutoCAD yenyewe ina vizuizi vya parametriki (masharti kama mstari ubaki wima au sambamba na mwenzake) tangu toleo la 2010, ila wengi tumefundishwa kuandika vipimo kama maelezo, unachora kwanza halafu unaweka mshale na namba. Huku namba inatangulia na mstari unaifuata. Wiki ya kwanza utakereka, ni kawaida.

4. Laptopu yangu ya kizamani, itaweza? Na simu je?

OpenSCAD itaweza karibu kila mahali. FreeCAD nayo inaenda ukiwa na subira, ila vipuri vyenye fileti nyingi, yani kona zilizoviringishwa, vitaifanya ipumue kwa shida. Kwa simu kuna Onshape, inafunguka kwenye kivinjari na ina app ya Android, tatizo inataka intaneti muda wote na kwenye akaunti ya bure michoro yako inaonekana na kila mtu. Ya mteja usiweke huko.

## Namba na majina

5. Kipuri kina namba ishirini, zote niziweke kwenye jedwali?

Hapa ndo watu wengi wanapotea kwa hiyo nitakaa kidogo. Namba ziko za aina tatu. Kuna zile mtu atakuja kukuomba ubadilishe: kipenyo cha bomba, saizi ya bolti, upana wa klampu. Kuna zile zinazotokana na hizo, yani kipenyo cha ndani, cha nje, umbali kati ya mashimo mawili ya bolti, hizi haziandikwi kwa mkono hata siku moja, zinaandikwa kwa fomula. Halafu kuna zile za kwako wewe fundi, kama mwanya wa printa yako ya 3D, ambazo mteja hana haja ya kuziona ila wewe ukibadilisha mashine utazitafuta.

Klampu yangu ina namba nne za kugusa: bomba, unene, upana, bolti. Niliwahi kuwa na toleo lenye namba kumi na saba na nilijiona bingwa. Kila nikilifungua baada ya mwezi sikumbuki ipi inafanya nini, nikiongeza moja masikio yanang'oka na kubaki yanaelea hewani peke yake. Ukiona unasita namba fulani iwe huru au ifuate nyingine, ifanye ifuate. Kuifungulia baadaye ni rahisi kuliko kuifunga.

Na majina tafadhali. Andika kipenyo_bomba, sio d1. Utanishukuru mwezi wa tatu.

6. Bomba la nusu inchi naandika 12.7, sindio?

Sio. Mimi mwenyewe nilishachapisha klampu sita za 12.7 nikapanda nazo ngazi mpaka darini, nikakuta hata kuligusa bomba haziligusi vizuri, sembuse kulizunguka. Nusu inchi ni jina tu la bomba. Bomba la chuma la nusu inchi kwa nje lina milimita 21.3, la robo tatu lina 26.9, la inchi moja lina 33.7. Mabomba ya plastiki ya PPR yenyewe yanaitwa kwa kipenyo cha nje halisi, la 20 ni 20 kweli.

Kwa hiyo parameta yako iwe kipimo cha nje kwa milimita, kipimwe kwa vernia (kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo) kwenye bomba lenyewe, na kama lina rangi juu yake pima na rangi yake. Ukitaka kumrahisishia mteja anayesema nusu inchi, angalia swali la 19.

7. Jedwali la FreeCAD nalitengenezaje, na kwa nini linakataa jina langu?

Unafungua Spreadsheet mpya, lipe jina Vipimo kwa mfano. Safu ya kwanza andika maelezo kwa lugha yako, ya pili weka namba na kizio chake, 21.3 mm. Halafu bofya hiyo seli ya namba kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, ipe jina. Seli inageuka rangi ya njano, maana yake imeshabatizwa. Kwenye skechi, yani ule mchoro bapa ambao kipuri kinazaliwa kutoka kwake, pale unapoandika kipimo, bonyeza alama ndogo ya bluu ya fomula uandike Vipimo.kipenyo_bomba, basi.

Majina yanakataliwa kwa sababu za kipuuzi kidogo. Nafasi kati ya maneno hairuhusiwi, kuanza na tarakimu hairuhusiwi. Na hii imewasumbua wengi: huwezi kuiita seli M8 au M5 kama saizi za bolti, kwa sababu kwenye jedwali M8 ni anwani ya seli, safu ya M mstari wa nane. Unakaa nusu saa unajiuliza kosa liko wapi wakati bolti imegongana na jedwali. Andika bolti_M8 uendelee na maisha.

Kuanzia FreeCAD 1.0 iliyotoka Novemba 2024 kuna kitu kinaitwa VarSet pia, kinashika namba zako bila jedwali. Kwa namba nne tano kinatosha. Jedwali nalipenda bado kwa sababu ya ile safu ya maelezo.

8. Fomula inalalamika kuhusu vizio, namba si namba tu?

Kwa FreeCAD namba ina uzito wake. 20 mm ukijumlisha 4 tupu inagoma, andika 4 mm. Milimita mara milimita inakuwa eneo, ukiliweka kwenye sehemu ya urefu linakataliwa. Milimita gawanya kwa milimita inatoka namba tupu, na hiyo ndo unayoitaka unapohesabu idadi ya vitu, swali la 18 linaonyesha. Usiichukie hii tabia, imeshaniokoa kwenye fomula nilizokosea mabano.

OpenSCAD haina vizio kabisa, ni namba tupu na wewe ndo unajua ni milimita.

## Skechi na vizuizi vyake

9. Skechi yangu haigeuki kijani, kuna tatizo?

Kijani maana yake kila nukta imeshikwa, hakuna kitu kinachoweza kutembea bila ruhusa. Kama haijawa kijani, siku utakayobadilisha kipenyo programu itaamua yenyewe iupeleke wapi ule mstari ulioachwa huru, na mara nyingi itaupeleka usikotaka. FreeCAD inakuandikia pembeni zimebaki njia ngapi za kusogea. Shika nukta kwa mausi uivute, inayotembea ndo hiyo haijafungwa.

Anza na vizuizi vya umbo, hii iwe wima, hizi zilingane, hii iwe katikati ya ile, ndipo uweke vipimo. Mwanzoni watu wanafanya kinyume, wanamwaga vipimo kumi, halafu skechi inawaka nyekundu kwa sababu viwili vinabishana. Klampu ikiwa na ulinganifu kushoto na kulia na katikati yake ipo kwenye chimbuko (nukta ya sifuri ya mchoro), nusu ya vipimo hata havihitajiki.

10. Nimebadilisha namba moja tu, mashimo yote yamehamia upande mwingine!

Pole. Huo ni ugonjwa wa siku nyingi. Skechi ya mashimo uliikalisha juu ya uso wa kipuri, na programu ilikuwa inaukumbuka ule uso kwa namba yake, tuseme uso wa 6. Umeongeza kitu, nyuso zimehesabiwa upya, uso wa 6 sasa ni mwingine na mashimo yamemfuata. FreeCAD 1.0 imelipunguza sana tatizo hili, ukiwa na toleo la zamani pandisha. Ila limepunguzwa tu, halijafutwa.

Dawa ya kudumu ni tabia: skechi zikalie zile bapa tatu za chimbuko, halafu usogeze umbali kwa fomula. Mashimo ya masikio yangu yapo kwenye bapa la chimbuko na umbali wao ni upana gawanya kwa mbili. Hayajawahi kuhama. Na fileti ziweke mwisho kabisa, baada ya kila kitu, maana zenyewe ndo zinazaa nyuso na kingo mpya kwa wingi.

11. Fileti inakubali kwa unene wa 6 lakini kwa 3 inagoma, kwa nini?

Kwa sababu haina pa kukaa. Kona ya mviringo ya milimita 2 kila upande inahitaji ukuta wa zaidi ya 4. Ifanye ifuate unene badala ya kuiandika: min(2 mm, unene * 0.4), hapo ukuta ukiwa mnene inabaki 2, ukiwa mwembamba inajipunguza yenyewe. Kipuri chochote kinachovunjika kikipunguzwa saizi, mimi fileti ndo nazianza kuzishuku.

## Vya OpenSCAD

12. Nimeweka tundu la nati ya M5 lenye 8, nati haiingii hata kwa nyundo.

Nati ya M5 ina milimita 8 bapa kwa bapa, yani kutoka ubavu mmoja hadi ule unaotazamana nao. OpenSCAD ukiiambia cylinder(d = 8, $fn = 6), $fn ikiwa idadi ya pande, inapima kona kwa kona, kwa hiyo bapa kwa bapa umepata 6.93 tu. Andika d = 8 / cos(30), inatoka 9.24 kona kwa kona na bapa zinakaa kwenye 8 kamili, halafu ongeza mwanya wa swali la 15.

Ujanja huohuo upo kwenye mashimo ya duara. Kwa OpenSCAD duara ni pembe nyingi zinazogusa mzunguko kwa ndani. Tundu la 10 ukiliacha bila kugusa mipangilio lina pande 16, na bapa kwa bapa lina 9.81. Bolti inakwama unailaumu printa. Weka $fn kubwa, 64 hivi, au gawanya kipenyo kwa cos(180/$fn).

13. Nimebadilisha unene pale juu, mbona hakuna kinachotokea?

Tafuta chini, umeandika unene tena sehemu nyingine. OpenSCAD haisomi kama mapishi ya juu kwenda chini, kwenye eneo moja jina linashika thamani ya mwisho iliyoandikwa, na inatumika hiyohiyo hata kwenye mistari iliyotangulia. Waliotoka kwenye lugha ya Python ndo inawauma zaidi. Na kama uso wa tundu unametameta kwenye muonekano wa haraka, hilo ni jingine: kitu unachokata kimelingana na uso, kirefushe kwa 0.01 kila upande.

14. Nataka mteja abadilishe mwenyewe bila kuona yale maandishi.

Ipo Customizer, paneli ya OpenSCAD ya kubadilishia namba, imekuwemo rasmi tangu toleo la 2019.05. Namba zako weka juu kabisa kabla ya mabano yoyote ya mkunjo, kila moja na maelezo yake pembeni:

kipenyo_bomba = 21.3; // [15:0.1:60]
bolti = 5; // [4, 5, 6]

Ya kwanza inakuwa kitelezi cha kuanzia 15 hadi 60 kwa hatua ya 0.1, ya pili inakuwa orodha ya kuchagua. Usiache kitelezi kianzie sifuri, atakivuta tu mpaka huko halafu akupigie simu.

## Kuchapisha na kukabidhi

15. Mwanya niweke kiasi gani?

Kwa printa za kawaida za tundu la 0.4 (pale plastiki inapotokea), mimi naanza na 0.2 kwa kitu kinachoingia kwa kusukuma na 0.4 kwa kinachotakiwa kutembea. Lakini usichukue namba ya mtu, hata yangu. Chapisha kibao chenye mashimo sita, la kwanza na mwanya 0.1, linalofuata 0.2, mpaka 0.6, chukua beringi au bolti halisi ujaribu moja moja. Beringi ya 608 inafaa sana kwa jaribio hili, kipenyo chake cha nje ni 22, unene 7, na inapatikana kirahisi. Namba utakayoipata iweke iwe parameta moja, jina lake mwanya, itumike kila mahali. Ukibadilisha printa au aina ya plastiki unagusa hapo tu.

Kwa matundu ya bolti zenyewe tumia vipimo vya kawaida vya mafundi: M5 tundu 5.5, M6 tundu 6.6, M8 tundu 9.

16. Nimtumie mtu faili gani?

STL ni ya kuchapisha tu, ni ngozi ya pembetatu, parameta zote zimeshakufa humo. Ukimtumia fundi mwenzako STL ukamwambia badilisha upana umempa adhabu. STEP ina umbo safi na mafundi wa mashine za CNC wanaipenda, ila historia na fomula hazimo pia. Anayetakiwa kuendelea na kazi mtumie faili lenyewe, la .FCStd au .scad. La .scad ni maandishi matupu, unaweza hata kulibandika kwenye meseji ya WhatsApp.

17. Kipuri kimetoka kidogo kama punje ya mchele!

Kulikuwa na inchi mahali. STL haibebi kizio, inabeba namba, na programu za kuandaa uchapishaji nyingi zinachukulia ni milimita. Kuza mara 25.4 utaona kimerudi.

## Kesi ngumu

18. Kipuri kikirefuka nataka mashimo yaongezeke yenyewe.

Hesabu idadi kutoka kwenye urefu: floor(urefu / 50 mm) + 1 inakupa shimo moja kila sentimita tano hivi. Halafu umbali halisi kati yao usiuandike 50, ugawe urefu kwa idadi ukitoa moja, ndipo la kwanza na la mwisho yatakaa mwisho kabisa kila mara. Na kwa urefu mdogo, chini ya 50, fomula inakupa shimo moja na kugawanya kwa sifuri, kwa hiyo zungushia max, inayochagua namba kubwa, ili yasipungue mawili.

19. Saizi zangu ni nne tu, sitaki mtu aandike namba za kubuni.

FreeCAD ina jedwali la konfigurasheni ndani ya Spreadsheet, mtu anachagua jina, Nusu au Robo_tatu, na mstari mzima wa vipimo unakuja. Kwa OpenSCAD tumia orodha kama ya swali la 14. Tahadhari moja, usitumie lookup() kwa nati: ile inakisia katikati. Ukiipa M6 ni 10 na M8 ni 13 halafu ukauliza M7, itakujibu 11.5 bila kupepesa macho wakati nati ya M7 ni 11.

20. Inasema kuna mzunguko, mzunguko gani tena?

Jedwali linaongoza kipuri, halafu seli moja ya jedwali hilohilo inasoma kipimo kutoka kwenye kipuri. Kuku na yai. Hata kama seli hizo mbili hazihusiani, FreeCAD inaliona jedwali zima kama kitu kimoja. Fungua jedwali la pili, la kwanza liongoze, la pili lisome.

21. Nitajuaje kama kinashika saizi zote?

Kivuruge. Weka kila namba kwenye kiwango chake cha chini, zote pamoja, uangalie. Kisha zote juu. Kisha zichanganye kwa ubaya, bomba dogo na bolti kubwa, hapo ndo klampu yangu iligundulika kwamba kichwa cha M6 kinapanda juu ya mgongo wa duara. Nikaongeza fomula sikio liwe refu kuliko nati kwa angalau milimita 2. OpenSCAD unaweza kuandika assert() ikatae yenyewe na kusema kwa Kiswahili, "unene usipungue 2". Kuliko kipuri kibovu kinachochapishwa saa tatu kwenye umeme wa LUKU, bora ikatae mapema.

22. Kila kitu nikichore hivi?

Wala. Kitasa cha feni ya bibi kilichovunjika, kimoja, hakuna kingine duniani, pima kwa vernia, andika namba zilivyo, chapisha, mpelekee. Akirudi wa pili anataka kama hicho ila cha feni nyingine, hapo sasa fungua jedwali.